Kunde za Mkwe

Chumbi, 2 Aprili 1952

Dresa Abbasi wa zahanati ya Kibiti kanipa daftari, kaniambia niandike kila kinachoingia tumboni mwangu na kila kinachotoka. Mimi! Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwenye ndevu na mke, niandike habari za choo changu! Nusura nimrudishie daftari lake. Lakini nilikwisha kuvuka pantoni ya Ndundu kwa ajili yake, nimekaa kutwa juu ya magunia ya lori tumbo limenijaa, kila lori likiruka mie naomba Mungu anisitiri mbele za watu. Basi nitaandika. Naandika kwa herufi za Kiarabu, maana yeye hazijui. Tarehe naweka za Kizungu, maana ndizo atakazoniuliza.

Alinibonyeza tumbo, akaligonga, akalisikiliza. Akasema sina mdudu, sina kidonda, sina safura. "Utumbo wako una hasira tu, Maalim." Hasira! Mwenye hasira ni mimi. Siku nne sipati choo, ya tano natoa vigololi kama vya mbuzi, na katikati ya hayo ni riahi asubuhi, mchana na jioni.

Na si maumivu tu yanayonihangaisha. Baba yake mke wangu Zamda, Maalim Tamimu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa imamu wa hapa Chumbi. Alipofariki mwaka jana wazee walikaa, Mzee Sadala akiwa mkubwa wao, wakaniambia: "Kibwana, shika chuo kwanza. Ramadhani ikifika utatuswalisha tarawehe, tukuone. Ukituridhisha, msikiti wako." Nisipowaridhisha watamleta Maalim Swalehe wa Bungu, na chuo kitakuwa chake. Mie nitarudi kwetu Mbwera, kisiwani, kukata boriti za mikoko na kaka zangu, na mke wangu Zamda hatanifuata. Aliniambia siku tulipooana kwamba mama yake hamwachi.

Na imamu ni mtu wa udhu. Udhu na riahi havikai nyumba moja. Hapo ndipo niliposhikwa.

3 Aprili

Kunde na ugali wa muhogo. Choo hakuna. Mvua.

4 Aprili, Ijumaa

Kunde. Choo hakuna. Kabla ya swala nilitoka kutawadha, nikarudi, nikatoka tena, nikarudi, nikatoka tena. Mzee Sadala akaniuliza pembeni kama nina wasiwasi wa udhu, ule unaowapata wacha Mungu wakubwa. Nikasema ndiyo. Sasa msikiti mzima unaniona mcha Mungu.

5 Aprili

Mbaazi za nazi. Choo hakuna. Mvua.

7 Aprili

Dresa alinipa haluli ya kufungua choo kwenye chupa, akasema kijiko kimoja asubuhi. Kijiko kimoja kitamfaa nani? Nikamimina nusu ya chupa.

Sitaandika yote. Nitaandika tu kwamba mvua ilikuwa inapiga, kwamba choo chetu hakina paa, na kwamba Zamda alisimama nje ya ua akinishikia ungo juu ya kichwa huku anacheka mpaka analia. "Maalim," aliniambia, "ungo nitaupepetea nini tena baada ya leo?" Mwanamke hana huruma hata chembe. Nampenda, lakini leo nilitaka kumtupia kata ya maji.

11 Aprili

Tangu haluli, choo hakuna. Ilifagia nyumba kisha ikafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Kunde.

14 Aprili

Tumehamia dunguni. Mpunga umetoa masuke, na ndege wanakuja kama walioalikwa. Chuo nimefunga, maana watoto wote wako mashambani na wazazi wao. Dungu letu liko juu ya nguzo ndefu, chini yake maji ya mto yamesambaa, tunapanda kwa ngazi. Kazi ni kukaa juu kutwa, kupiga kelele, kurusha madongo kwa kombeo na kuvuta kamba zenye makopo. Kazi ya kukaa! Mie siwezi kukaa. Nikikaa tumbo linapanda mpaka kifuani. Nashuka, napanda, nashuka. Zamda anasema nitaivunja ngazi kabla ya mavuno.

Dungu la jirani ni la Bwanaheri. Yeye Mmatumbi, mie Mndengereko, na utani wetu hauna likizo. Leo jioni alipaza sauti mpaka madungu yote yakasikia: "Mtani! Leo sijaona ndege hata mmoja upande wako. Unawafukuza kwa kombeo, au una dawa nyingine?" Zamda akajifunika kanga. Mie nikarusha dongo, likaipata nguzo ya dungu lake, kwa bahati mbaya.

16 Aprili

Mtumbwi haukupita. Wali na kambale wa chukuchuku, bila nazi.

17 Aprili

Afadhali.

18 Aprili

Kunde za mkwe. Choo hakuna.

19 Aprili

Kunde za mkwe. Choo hakuna. Nimeota nimepata choo. Nimeamka nimekasirika.

20 Aprili

Niandike habari za mkwe, maana ndiye mwenye chungu.

Bi Mwanaharusi amebaki kijijini, hapandi tena dungu, magoti yanamuuma. Kila siku hupika, akapanda mtumbwi wa mtu yeyote anayekuja upande huu, akatundika chungu kwenye ngazi yetu, akageuza uso na kuondoka. Mkwe na mkwe ni watu wa kusitiriana. Sijawahi kula akaniona. Sijawahi kutamka mbele yake neno lolote la mwili, hata mafua. Nikimwona njiani nashuka pembeni. Ananisalimu akiwa ameangalia mtende, nami namjibu nikiwa nimeangalia mchanga.

Anapika kunde kwa tui zito, na chumvi yake, na pilipili moja nzima. Ni tamu, siwezi kusema uongo. Marehemu mumewe alizipenda, akala miaka yote. Mimi zinaniua. Naona kama mwanamke huyu katumwa na Maalim Swalehe.

23 Aprili

Mvua imeshika tangu alfajiri, ndege hawakuja, sina la kufanya. Nimefungua daftari nikasoma nyuma. Kunde, choo hakuna. Kunde, choo hakuna. Mbaazi, choo hakuna. Siku moja tu tulikula wali na kambale wa chukuchuku, na kesho yake nimeandika "afadhali". Mtoto wa chuo angeliona hilo zamani. Mie nilikuwa naandika kwa hasira, sisomi.

Kuanzia kesho sili kunde. Nitaacha kimoja kimoja, nione mwenye kosa ni nani.

24 Aprili

Chungu kimekuja. Nimesubiri mtumbwi upotee kwenye matete, nikampelekea Bwanaheri. "Mtani, leo umekumbuka kama mie mtu?" Amekula mpaka akalamba mwiko. Mie wali mtupu na samaki.

27 Aprili

Riahi zimepungua. Zamda naye amesema, bila kuulizwa.

28 Aprili

Choo! Kigumu, lakini choo.

3 Mei

Nimejaribu ugali wa muhogo peke yake. Tumbo likajaa kabla ya laasiri. Muhogo nao nje.

Nimejaribu kula polepole, kutafuna kila tonge mpaka life. Zamda anaona ni maringo. Lakini kweli, nikila haraka kama nilivyozoea, nameza na upepo.

6 Mei

Papai bivu alfajiri, maji ya uvuguvugu kata nzima, kisha natembea juu ya tuta mpaka kwenye lile shamba la mwisho na kurudi. Choo. Jana choo, leo choo. Nimeimba huku nafukuza ndege. Bwanaheri akauliza, "Mtani, kuna mtoto kazaliwa?" Nikamwambia, kweli, jambo linafanana na hilo.

Chungu cha kunde kinaendelea kuja, kinaendelea kwenda kwa Bwanaheri, kinarudi kitupu. Mkwe amemwambia Zamda: "Mumeo siku hizi anakula vizuri." Kafurahi.

9 Mei

Lahaula! Mtumbwi ulirudi. Mkwe alikuwa amesahau kawa lake la kufunikia chungu, akamwomba mwenye mtumbwi ageuze, akanikuta nimesimama majini mpaka magotini, namkabidhi Bwanaheri chungu chake. Na Bwanaheri, kwa mdomo wake usio na breki, anasema, "Mtani, mwambie mkweo kesho aongeze pilipili."

Mkwe aligeuka. Aliniangalia usoni. Mwaka wa tatu huu tunakaa nyumba zinazotazamana, hajawahi kuniangalia usoni. Kisha akachukua kawa akaondoka.

10 Mei

Chungu hakikuja.

11 Mei

Hakikuja. Zamda alikwenda kijijini asubuhi, karudi macho mekundu. Hakupanda ngazi, alibaki chini amesimama.

"Mama anasema umemwita mchawi."

"Nimemwita nini? Mie sijafungua mdomo!"

"Ndiyo hivyo. Anasema ungeufungua ingekuwa nafuu."

Ndipo aliponikumbusha habari za mume wa Sikudhani, dada yake. Mwanamume yule alikula jioni kwa Bi Mwanaharusi, akalala, asubuhi hakuamka. Moyo, walisema wengine. Wengine wakasema chakula. Hakuna aliyemwambia mama uso kwa uso, ila tangu siku hiyo kwenye shughuli za watu hapewi mwiko. Anakaa na wazee, anachambua mchele. Sikudhani alihamia Dar es Salaam, hajarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nakula kwake. Kila chungu kikirudi kitupu, watu walikuwa wanaona kwamba chakula chake si sumu.

"Basi mwambie ni tumbo!" nilisema. "Mwambie kunde zinanijaza riahi."

"Nimwambie mama yangu mzazi habari za ushuzi wa mume wangu? Una wazimu?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Weye? Thubutu! Mkwe wako? Kajifunike shuka kwanza."

Kweli, siwezi. Nimejaribu kuyapanga maneno kichwani mchana kutwa. Nimejaribu kwa Kiarabu. Hata kwa Kiarabu yananuka.

16 Mei

Tumeanza kuvuna. Maji yamepungua, kusi limeanza kuvuma, asubuhi baridi. Choo kila siku. Tumbo jepesi, na moyo hauna raha. Nimekuwa na mwili wa imamu na mkwe anayeniona adui.

24 Mei

Mwezi umeandama. Tumerudi kijijini jioni hii. Nimeswalisha tarawehe ya kwanza na naandika nimelala ubavu.

Hapa desturi ni kwamba wakati wa Ramadhani kila nyumba humletea imamu sahani ya futari barazani, na imamu aonje kila sahani, maana anayemfuturisha aliyefunga anapata thawabu. Kesho ndipo watakapoanza. Sahani kumi na nne za mihogo, magimbi, mbaazi, kunde. Kisha baada ya hapo rakaa ishirini, kurukuu na kusujudu, tumbo likikunjwa na kukunjuliwa.

25 Mei

Nimeonja zote. Ningefanyaje? Ya Bi Mwanaharusi ilikuwamo pia, kunde, imefunikwa kawa. Nikazila zote, nikafurahi kwamba ataridhika. Kwenye rakaa ya kumi niliona nyota. Nikasoma sura fupi kuliko zote ninazozijua, kwa mbio kuliko nilivyowahi kusoma. Nilizuia, nilizuia, nikatoa salamu ya mwisho, nikakimbia.

Watu wamefurahi! "Maalim Kibwana mwepesi," wanasema. "Marehemu alikuwa anatuchosha." Mzee Sadala amenishika mkono. Mie tumbo linanikata hata kuandika siwezi.

26 Mei

Siwezi hivi siku zote za mwezi. Leo nilifuturu kwa uji mwepesi wa mchele na papai, basi. Nikaswalisha kwa raha, tena kwa utulivu. Wali na samaki nikala baada ya tarawehe, maji nikayanywa kidogo kidogo mpaka daku. Sahani za watu niliwapa watoto na wapita njia.

29 Mei

Choo. Udhu haujanitoka hata mara moja msikitini. Naswalisha vizuri, nasikia mwenyewe.

Lakini maneno yameanza. "Imamu anatunyima thawabu." "Imamu anachagua vyakula." Mzee Sadala ameniuliza kama mihogo ya watu wa Chumbi haifiki hadhi ya watu wa visiwani. Nimesema nina kawaida yangu ya kufuturu. Hakuridhika.

3 Juni

Maalim Swalehe amekuja kutoka Bungu, eti kumtembelea ndugu yake. Mtu mnene, sauti nzuri. Anafuturu kwa kila mtu, anasifu kila chungu, anaomba kuongezwa. Kwa Bi Mwanaharusi tu ndiko hajakwenda. Kaambiwa, bila shaka.

6 Juni, Ijumaa

Sahani ya mkwe inakuja kila magharibi, ya kwanza kabla ya zote. Inarudi kwake imejaa. Siwapi hata watoto ile. Mama zao waliwakataza wasiiguse. Nimemwona leo dirishani akiifunua mwenyewe, akitazama, akiifunika tena.

8 Juni

Sahani ya mkwe imekuja. Kawa lililosukwa vizuri, jekundu na jeusi. Nimelifunua. Chini yake sahani tupu. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa.

Nikamuuliza Zamda maana yake. Akajibu: "Kasema, mpelekee. Mwambie humu hamna kitu cha kuogopa."

Sikula kitu, hata uji. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa mwanamke huyu imenitoka, imebaki aibu. Nilimdhania yuko upande wa Swalehe. Kumbe aliyemtenga mbele ya kijiji kizima ni mimi, kwa kijiko changu.

9 Juni

Naandika yote.

Magharibi ilipoadhiniwa sikukaa barazani kwangu. Nilichukua ile sahani, nikaivuka njia, nikaenda mpaka mlangoni kwa Bi Mwanaharusi, nikaketi kwenye kizingiti. Watu wote walikuwa nje wanafuturu. Akatoka, akaniona, akajifunika uso. Mkwe hali mbele ya mkwe, na mimi nimekaa mlangoni kwake naangalia mikono yangu. Nikasema: "Mama, nina njaa. Naomba kunde."

Kisha akaingia, akatoka na chungu kizima. Nikala. Nikala akiniona, kijiji kikiniona, tonge baada ya tonge, nikalamba vidole, nikaomba tena. Swalehe mwenyewe aliacha kutafuna. Mkwe akasema jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Taratibu, mwanangu, zina moto."

Hajawahi kuniita mwanangu. Nilitaka kulia na kunde mdomoni.

Nilijua kitakachonipata. Nilijiambia: ulizuia usiku wa kwanza, utazuia leo. Tena leo msikiti ulifurika, ni mkesha wa Badri, Swalehe yuko safu ya kwanza nyuma yangu, wanawake wamejaa nyuma ya ua wa makuti.

Nilifika rakaa ya kumi na mbili. Nilipoinuka kutoka kwenye sijida, udhu ukanitoka. Bila sauti. Hakuna aliyesikia, naapa. Harufu huenda ilikuwapo, lakini msikiti una watu wengi, na kila mtu kala kunde.

Nilisimama. Ulimi ulikuwa umeshaanza Alhamdu. Nilikuwa na nafasi ya kuendelea. Rakaa tisa tu, na msikiti ni wangu, na Zamda ni wangu, na hakuna atakayejua ila Mola. Hapo ndipo miguu ilipokuwa mizito, kwenye hilo neno, ila Mola.

Nikashika pua kama tulivyofundishwa chuoni, kwamba aliyetokwa na udhu swalani ashike pua atoke, watu wadhani ni damu. Nikamvuta Maalim Swalehe mkono, nikamweka mahali pangu. Nikapita katikati ya safu zote, kila mtu akiniangalia miguu. Nikatawadha kwenye birika. Nikarudi safu ya mwisho, nikaswali nyuma ya Swalehe. Sauti nzuri kweli, shetani yule, Mungu anisamehe.

Tulipomaliza Mzee Sadala alinifuata. "Maalim, pole. Pua ilitoka damu?" Alinipa mlango, mzee wa watu, alinifungulia kabisa. Watu wakasogea kusikiliza.

"Hapana, mzee," nilisema. "Pua nzima. Udhu ulinitoka. Ni kunde. Zinanijaza riahi, ndiyo maana sizili. Si kwa sababu nyingine yoyote, na asiwepo mtu wa kusema kuna sababu nyingine."

Akadakia Bwanaheri kutoka nyuma: "Sasa mtani, weye ulishika pua yako. Sisi tuliokuwa nyuma yako tungeshika nini?"

Nyuma ya ua wa makuti mwanamke mmoja alicheka. Sijui nani.

10 Juni

Swalehe kaswalisha.

11 Juni

Swalehe. Watoto wakiniona wanashika pua.

14 Juni

Swalehe. Choo hakuna. Sijagusa kunde, ni moyo tu. Nimegundua kwamba tumbo langu halingoji chakula. Nikihangaika linafunga lenyewe. Dresa asingeweza kuniandikia hilo kwenye chupa.

Natembea kijiji kizima bila safari. Nimelitazama panga langu la kukatia mikoko, limeshika kutu. Zamda amelichukua akalificha chini ya kitanda. Sikumuuliza, naye hakusema.

17 Juni

Swalehe. Sahani ya mkwe inakuja kila magharibi, ina uji wa mchele na kipande cha papai. Hakuna maneno. Nakula, narudisha sahani tupu.

20 Juni, Ijumaa

Wazee walikaa leo baada ya swala, barazani kwa Mzee Sadala. Niliitwa nikae pembeni. Swalehe naye alikuwapo, amevaa kanzu mpya.

Maneno yalikuwa mafupi. Mzee Sadala alisema hawana ubaya nami, kijana mzuri, mkweli, lakini imamu asiyekaa na udhu ni chungu kinachovuja. Wengine wakatikisa vichwa. "Hatukupata kuona imamu akitoka," mmoja akasema. "Marehemu Maalim Tamimu aliswalisha hapa miaka na miaka, hakutoka hata usiku mmoja."

"Kweli," ikasema sauti nje ya mlango. "Hakutoka."

Alikuwa Bi Mwanaharusi. Hakuingia. Alisimama nyuma ya nguzo ya mlango, kanga imefunika uso, tunaona mkono wake tu umeshika nguzo. Mwanamke kusema kwenye baraza la wazee, sijapata kuona. Mzee Sadala akataka kumzuia, naye akaendelea.

"Mume wangu alikula kunde zangu kila jioni ya Ramadhani," alisema. "Kunde hizi hizi. Bakuli, na bakuli la pili. Na hakutoka hata usiku mmoja." Akaongeza: "Mimi nililala naye nyumba moja tangu nikiwa mwari. Kama kuna mtu anataka kuniuliza habari za tumbo lake, niko hapa."

Niliwaona wazee wale mmoja mmoja wakirudi nyuma katika fikira zao, Ramadhani baada ya Ramadhani, rakaa baada ya rakaa. Mzee Sadala alishika ndevu akaziacha. Swalehe, mla vyungu vya watu wote, aliinamisha kichwa ghafla akawa anatazama kanzu yake mpya. Kisheria swala zao ziliswihi, maana maamuma hakujua kwamba imamu wake hana udhu. Kitabu kinasema hivyo, ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia.

"Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema," Bi Mwanaharusi akasema. "Nimemtia aibu leo, na nitamwomba radhi kaburini kwake. Lakini huyu mmoja alitoka. Mkimfukuza, wa kesho hatatoka."

Mkono ukaachia nguzo. Tukasikia miguu yake ikienda.

Bwanaheri, ambaye hakualikwa na alikuwa amechuchumaa nje ya ukuta, ndiye aliyepasuka kucheka, na mzee mmoja akamfuata, kisha baraza zima. Mzee Sadala alifuta machozi, akasema leo usiku niswalishe mimi.

21 Juni

Nimeswalisha. Taratibu. Hakuna aliyelalamika kwamba nimewachelewesha.

24 Juni, Idd

Mpunga umejaa ghalani, kusi linavuma, watoto wana nguo mpya. Zamda kanirudishia panga, kasema nikakate nyasi za msikiti, limekuwa la kazi hiyo sasa.

Kwenye shughuli ya Idd, kina mama walikuwa wanapika pilau uani. Nilipita njia nikaona Bi Mwanaharusi amesimama katikati yao, mbele ya sufuria kubwa, ana mwiko mkononi. Mke wa Mzee Sadala ndiye aliyempa.

Jioni kawa jekundu na jeusi limeletwa kwangu. Chini yake wali, samaki wa chukuchuku, papai. Na pembeni kabisa, kwenye kipande cha jani la mgomba, kunde. Punje tatu.

Nikamuuliza Zamda maana yake. Alikuwa anacheka hata hawezi kusema.

Nimezila zote tatu.